Jumatano ya Wanawake

Nilifika Tabora kwa treni ya asubuhi, nikiwa nimekuja kwa ajili ya arobaini ya Bi Tausi, na kabla sijaweka mkoba chini mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchele wa pilau alinitazama kwa muda, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Wewe si yule msichana aliyekuwa anatusemea sinema?" Nilikubali kwamba ni mimi. Nimefundisha katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, nimeandika vitabu vya kiada, na nimeanza kuota mvi ambazo wanafunzi wangu wanaziheshimu kuliko wanavyoniheshimu mimi mwenyewe. Lakini katika nyumba ile, mbele ya sinia za mchele, cheo changu kilikuwa hicho tu, na sikuona sababu ya kukikana. Msichana mmoja akauliza, "Kwani Kihindi alikijulia wapi?" Akajibiwa, "Hakukijua. Alikuwa anasoma Kizungu kilichoandikwa chini ya picha." "Na nyie mkawa mnamwamini?" "Sasa tungemwamini nani? Issa?" Wakacheka wote waliokuwa na umri wa kumkumbuka Issa. Nami nikacheka, kisha nikatoka uani kunawa uso, kwa sababu nilikuwa nimekuja msibani na sikutaka kuanza na kicheko.

Mwaka wanaoukumbuka wanawake wale ni ule niliomaliza kidato cha nne na kukaa nikingoja kuitwa chuoni. Kwetu Puge watu walikuwa wakihamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zikibomolewa huku na kujengwa upya kando ya barabara, na wazazi wangu wakaona ni afadhali nibaki mjini kwa Bi Tausi, mteja wa siku nyingi wa asali ya mama. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na watu kupitia dirisha dogo, maana kazi yake ilikuwa kukata tiketi kwenye ukumbi wa sinema wa mtaa. Alinipa chumba cha uani chenye kitanda cha chuma na harufu ya udi iliyokwisha kuingia hata kwenye saruji ya sakafu. Siku ya kwanza alinionyesha msumari ukutani, akaniambia nitundike rozari yangu pale isije ikapotea, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu dini kwa mwaka mzima. Jioni tulikula ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiwa yameungwa kwa karanga, na yeye alisifu mboga yangu huku akiongeza chumvi. Leo, nikiwa na jiko la umeme na mpishi anayekuja mara tatu kwa wiki, bado naona kwamba sijawahi kula vizuri kwa utulivu kama nilivyokula kwenye kigoda cha uani kwake, nikisikiliza yaliyosemwa dirishani siku hiyo.

Ukumbi wenyewe haukuwa kitu cha kujivunia. Ulijengwa kabla ya uhuru na mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuja kuondoka, ukabaki mikononi mwa kamati ya mtaa. Mbele palikuwa na mabenchi, nyuma palikuwa na viti ambavyo spring zake zilikuwa zimekwisha kujitokeza, na wazoefu walijua kipi cha kukalia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika bango la nje. Niliandika kwa chaki kubwa, kwa herufi nilizofundishwa na masista: juu siku, katikati filamu, na chini, kwa rangi nyekundu, neno INAKUJA. Chini ya neno hilo yaliwekwa mambo yote ambayo mtaa ulitarajia: filamu ya mapigano ya Jumamosi, picha za kilimo bora zilizoletwa na gari la wizara, onyesho la wanafunzi la Jumapili mchana, sherehe za Saba Saba na ngoma zake. Watu waliokuwa wakitoka kutazama wagonjwa hospitali ya Kitete walishuka kwenye baiskeli wakasoma, na wasiojua kusoma waliniuliza. Nilijifunza mapema kwamba neno INAKUJA lilikuwa la matumaini zaidi kuliko la taarifa. Filamu zilitoka Dar es Salaam kwa treni, na Tabora ndipo treni inapokatwa: mabehewa mengine yanaelekea Mwanza, mengine Kigoma. Kasha la filamu lisiposhushwa kwa wakati, liliendelea na safari yake kama abiria aliyepitiwa na usingizi, nasi tukafuta bango.

Jumatano alasiri ilikuwa ya wanawake peke yao. Bi Tausi ndiye aliyeianzisha, kwa kuwaendea waume mmoja mmoja, barazani kwao, akiwa amejitanda vizuri na akiwa na maneno machache. Utaratibu wake haukuwa na mfano mahali pengine nilipopita tangu hapo. Issa, fundi wa mashine, aliingia katika chumba chake cha juu kabla mwanamke wa kwanza hajafika, akajifungia, na hakuruhusiwa kutoka mpaka wa mwisho awe ameondoka. Hakuruhusiwa pia kusema. Aliwasiliana nasi kwa kugonga ukuta: mara moja, anabadilisha mkanda; mara mbili, mkanda umekatika. Wanawake waliingia na mabuibui yao, wakayavua, na chini yake palikuwa na nguo ambazo waume zao walikuwa wamezilipia na hawakuwahi kuziona zikivaliwa mchana. Walileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye vitambaa. Mimi nilisimama kando ya pazia jeupe, nikasoma Kiingereza kilichopita upesi chini ya picha, na kukisema kwa Kiswahili kwa sauti ya juu. Nikichelewa walinihimiza. "Vero, huyo mzee kasema nini? Mbona kanuna hivyo?" "Amesema hataki mkwe maskini." "Mwambie na yeye mwenyewe aliolewa na nani!" Wengi wao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa harusini na msibani, na kwenye harusi na msiba kuna kazi za kufanya. Jumatano hawakuwa na kazi yoyote.

Kabla ya Ramadhani, kamati ilimwita Bi Tausi, nami nikamsindikiza. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Kasanda, seremala mrefu, mtu wa haki, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alieleza kwamba kwaya ya mtaa haina mahali pa kufanyia mazoezi, kwamba Jumatano kadhaa ukumbi umekaa wazi kwa sababu filamu haikufika, na kwamba mali ya jamii haiwezi kukaa bure.

"Treni ikichelewa nayo ni kosa la wanawake?" Bi Tausi aliuliza.

"Si kosa la mtu, Bi Tausi. Lakini kwaya haiji kwa treni."

Wajumbe wakacheka. Ndugu Kasanda hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akasema kamati imekubaliana hivi: Jumatano itakayoangukia Idd pili ukumbi ni wa wanawake. Onyesho likifanyika, kamati italitazama upya jambo hili. Lisipofanyika, Jumatano inakwenda kwa kwaya, na wanawake watakaribishwa kutazama sinema siku nyingine pamoja na watu wote. Kila mtu mle ndani alijua kwamba siku nyingine pamoja na watu wote ilikuwa na maana ya kutokwenda kabisa. Tulipofika mlangoni Bi Tausi akanigeukia. "Andika bango tangu kesho," akaniambia. "Liandike kubwa. Wakilifuta, walifute wakiona aibu." Kwa hiyo kwa Ramadhani nzima bango lile lilisema: INAKUJA. IDD PILI, ALASIRI. ONYESHO MAALUMU KWA WANAWAKE.

Siku ya Idd mosi Issa alikwenda stesheni na baiskeli yake, akarudi na kasha limefungwa nyuma, akipiga kengele njia nzima. Bi Tausi alimpa sahani ya pilau kabla hata hajashuka. Siku ya pili asubuhi Issa alikwenda ukumbini kuandaa mikanda, na baada ya muda mfupi akarudi kwa miguu, ameisahau baiskeli. Alisimama uani, kofia mkononi. Filamu ile ilikuwa ndefu kuliko tulizozizoea, ikaja katika makasha mawili. Tangu aanze kazi, filamu ilikuwa kasha moja. Akateremshiwa kasha moja, akashukuru, akaondoka. Kasha la pili lilikuwa njiani kuelekea Kigoma, na hilo ndilo lililokuwa na mwanzo.

"Sisi tuna nini?" Bi Tausi aliuliza.

"Tuna kuanzia katikati, Mama. Mpaka mwisho tunao."

"Na ya zamani yoyote huna humo?"

"Nina ile ya wizara. Ya mbolea."

Nilitegemea atamgombeza. Badala yake alikaa kwenye kigoda, akaanza kumenya vitunguu ambavyo havikuhitajika tena, akamenya viwili, akaviacha. Kuahirisha kulikuwa ni kuikabidhi Jumatano kwa kwaya. Kuonyesha nusu filamu kulikuwa ni kuwaita wanawake wa mtaa mzima, siku ya Idd, waje wachekwe na waume zao kwa wiki nzima. Aliniuliza kama najua jinsi filamu inavyoanza. Nilimwambia sijui, hakuna karatasi yoyote iliyokuja nayo. "Basi usiwatungie," akasema. "Nitawaambia mwenyewe."

Alasiri ile ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Nimeingia katika kumbi nyingi tangu wakati ule, zenye viyoyozi na mazulia, na sijaona tena rangi nyingi kiasi kile mahali pamoja, wala kusikia harufu ya udi, jasmini na kaimati zikichanganyika namna ile. Bi Tausi alisimama mbele, akaeleza yote: kasha, Kigoma, katikati. Manung'uniko yakaanza nyuma. Kisha Bibi Mwanakheri, mzee wa mtaa, aliyekuwa akikaa benchi la kwanza kwa sababu ya macho yake, akainua mkono wenye bangili.

"Mwisho upo?"

"Upo, Bibi."

"Basi washa. Mwanzo tutautafuta wenyewe. Mimi nimevaa viatu, sirudi nyumbani."

Taa zikazimwa. Picha ya kwanza kutokea ilikuwa ya mwanamume aliyevaa nguo za harusi zilizochakaa, amesimama kwenye mvua nje ya geti lililofungwa. Ndani ya geti mwanamke alikuwa akisugua sufuria ya shaba na hakumtazama. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu yote, kwa kweli, pamoja na nyimbo zake: mwanamume anaomba kufunguliwa, mwanamke hafungui. Anamletea maji, anamjengea ukuta ulioanguka, anauguza baba yake, na geti bado limefungwa. Kila walipozungumza walitaja "siku ile", na hakuna aliyesema siku ile kulitokea nini. Nilisoma kila neno kwa uangalifu, nikitafuta kosa lenyewe, na sikulipata. "Amesema, hata ukifa hapo, siwezi kusahau siku ile." Ukumbi ukaguna. "Alimfanya nini?" "Hajasema." "Soma vizuri, Vero!" "Nasoma, mama, hajasema." Ndipo sauti moja ikatoka katikati ya giza, ya mke wa Ndugu Kasanda, mwanamke mpole ambaye kwa kawaida hakusema kitu mpaka taa ziwashwe. "Najua mimi alichomfanya," akasema. "Aliahidi." "Aliahidi nini?" "Kitu. Aliahidi kitu cha nyumbani, miaka inapita. Mtazameni uso wake." Mwingine akasema hapana, yule alikula mahari ya dada yake. Mwingine akasema yule alisafiri kibiashara akasahau kurudi mpaka mtoto akajifunza kutembea. Issa akagonga ukuta mara moja, kuashiria kubadilisha mkanda, na katika muda wote wa kubadilisha hakuna aliyemzomea, walikuwa na shughuli. Geti lilipofunguliwa mwishoni, baadhi walilia na baadhi walisema limefunguliwa mapema mno.

Sijui ni watu wangapi wanaoelewa jambo hili bila kuliona: mwanamke anayerudi kutoka sinema siku ya Idd huulizwa sinema ilikuwaje. Wakaulizwa, wakasimulia, na mwanzo kila mmoja akautoa alikoujua. Kwa siku zilizofuata nilisikia nje ya duka la viungo, kisimani, na kupitia ukuta wa uani kwetu, filamu moja ikiwa na mianzo ambayo sikuweza kuihesabu. Mwisho ulikuwa uleule kila mahali. Ni kosa la mwanamume lililobadilika, na kwa jinsi nilivyoufahamu mtaa, halikubadilika ovyo. Mwenye duka aliyekuwa na mkono wa birika alisimuliwa juu ya bwana aliyemnyima mkewe nguo ya harusi ya ndugu yake. Msafiri alisimuliwa juu ya msafiri. Bi Tausi aliyasikia yote dirishani mwake, akawa ananiletea jioni pamoja na ugali. "Wa leo alikuwa mlevi," ananiambia. "Jana alikuwa mvivu wa kuchimba choo." Tulicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Kamati ilikuwa haijakaa.

Ilipokaa, tulikuta wajumbe wameanza kuzungumza bila kusubiri kikao kifunguliwe. Mmoja alikuwa akisema kwamba mtu akisahau kurudi huenda alikuwa na sababu. Mwingine akamwuliza nani amesahau kurudi, mbona bwana yule alikula mahari? "Mahari? Mke wangu yeye kaniambia mambo ya shamba." Ndugu Kasanda alikuwa akiwasikiliza, kalamu yake ya seremala nyuma ya sikio. Alikuwa ametengeneza vitanda vya nusu ya mji, na kila mtu aliyewahi kuingia nyumbani kwake alijua kwamba yeye na mkewe walikuwa wakilalia kitanda cha kamba walichokirithi.

"Ndugu Veronika," akaniita kwa utaratibu wa vikao. "Wewe ndiye uliyesoma. Huyu bwana wa kwenye geti alikuwa ameahidi kitanda?"

"Ndugu Mwenyekiti, katika sehemu tuliyoiona hakuna kitanda."

"Wala mahari?" akadakia mjumbe.

"Wala mahari. Kosa lake liko kwenye kasha lililokwenda Kigoma."

"Linarudi lini?"

"Linarudi na treni ya mwanzo wa wiki," Bi Tausi akajibu.

Wajumbe wakatazamana. Mjumbe wa mahari akasema kwa maoni yake sehemu hiyo ionyeshwe, ili ukweli ujulikane, maana mtaani kuna maneno. Wengine wakaunga mkono kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwenye ajenda nyingine yoyote. Ndugu Kasanda akauliza, "Ionyeshwe lini?"

"Kasha likifika Jumatatu, Issa analihitaji Jumanne kuliandaa," Bi Tausi akasema. "Itakuwa Jumatano."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, na alikuwa ametamka mwenyewe kwamba onyesho likifanyika jambo litatazamwa upya. Alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha. "Kwaya ipelekwe Jumatatu," akasema. "Jumatano ibaki ya wanawake. Si hii tu. Ibaki." Ikaandikwa. Kisha mjumbe wa mahari akauliza lile lililokuwa moyoni mwa wote: "Na sisi? Sisi tutaujuaje huo mwanzo?"

Bi Tausi alikuwa amekwisha kusimama, akijitanda ushungi wake. "Mtasimuliwa," akasema.

Jumatano ile kasha la Kigoma lilikuwa tayari, na Issa alikuwa amekwisha kujifungia kabla ya adhuhuri. Nilisimama mahali pangu kando ya pazia. Mwanzo wa filamu ulikuwa mfupi na wa kawaida. Palikuwa na uchumba, palikuwa na nyimbo, na siku ya harusi mto ulifurika, daraja likachukuliwa na maji, na bwana harusi akafika kesho yake, nguo zimechakaa kwa kuvuka. Hakuwa ameahidi kitu akakivunja, wala hakuwa amekula mali ya mtu. Bibi harusi hakuamini habari za mto, basi. Nilisoma yote kama yalivyoandikwa, na nilipomaliza Issa aliwasha taa, na wanawake wakabaki wamekaa, hakuna aliyegusa buibui lake.

"Kwa hiyo hakuwa na kosa," Bi Tausi akasema kutoka mlangoni.

"Hakuwa na kosa hata kidogo," nikajibu.

Bibi Mwanakheri akageuka kwenye benchi lake la mbele, akawakabili wote kwa macho yake mabovu. "Haya, wanangu. Nyumbani wanatungoja. Tunawapelekea upi, huu au ule wetu?"

Kutoka nyuma, kwenye vile viti vya spring, mke wa Ndugu Kasanda akasimama taratibu, akiwa anakunja kitambaa chake cha michembe.

"Ule wetu," akasema. "Ngojeni kidogo tu. Miguu ya kitanda ameshaichonga. Bado kukipiga msasa."